Biringanya lenye harufu ya samaki

Chengdu, Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Leo nimeliharibu tena. Biringanya limekunywa mafuta yote ya karai, nikaongeza, likanywa na hayo. Nimeambulia kitu cha kuteleza kisicho na umbo, nikala nusu sahani. Mkahawa wa chini hupika chakula hiki hiki kila mchana, na vipande vyao havipondeki: ngozi ya zambarau inang'aa, mchuzi umevishika vizuri.

Jina lake ni yuxiang qiezi, biringanya lenye harufu ya samaki. Mtu wa Tanga akisikia hivyo anatafuta samaki. Hamna hata mwiba. Ni tangawizi, kitunguu saumu, majani ya kitunguu, pilipili, sukari na siki, viungo ambavyo watu wa Sichuan humuungia samaki. Nyumbani mama angetia papa mkavu na tui, harufu itoke kwa papa mwenyewe. Hapa samaki kaondoka, harufu yake imebaki. Ndiyo maana siachi kujaribu.

Jumanne, 15 Oktoba

Jirani yangu kanikuta sokoni nachagua mabiringanya ya mviringo. Namwita ayi, kama tunavyosema mama mdogo. Kayarudisha yote, akanichagulia marefu membamba: ngozi laini, mbegu chache.

Nikamweleza habari ya mafuta. Akasema biringanya ni sponji, limejaa hewa. Likate, litie chumvi, liache dakika 20, likamue, kisha lipake wanga wa mahindi. Na mafuta yawe ya moto kweli kweli. Ukichovya kijiti, povu lizuke pembeni yake papo hapo. Yakiwa vuguvugu, ndipo linapoyanywa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimekamua. Maji ya kahawia yamejaa kiganja.

Nimekaanga kidogo kidogo, ngozi ikitangulia, na zambarau haikupotea. Nikayaepua mabiringanya, nikabakiza mafuta kidogo, nikapunguza moto, nikatia doubanjiang. Hili ni rojo la pilipili na maharage mapana yaliyochachushwa. Linalosifika zaidi linatoka Pixian, hapa hapa Chengdu. Zamani nilikuwa nalitupia pamoja na kitunguu saumu, vyote vikaungua. Leo nimelikoroga peke yake, taratibu, mpaka mafuta yakawa mekundu kama mawese. Hapo ndipo nikatia tangawizi na saumu, kisha sukari, mchuzi wa soya na wanga uliokorogwa kwa maji. Mabiringanya yamerudi mwisho, na siki nyeusi ya Baoning baada yake, kwa sababu ikikaa motoni inaruka.

Chumba kizima kilinukia samaki. Nilisimama na mwiko mkononi, machozi yananilenga.

Nimempelekea ayi bakuli. Kaonja kipande, katafuna polepole, kala kingine.

"Siki bado kidogo, binti."

Kijiko kimoja na nusu, basi, si kimoja.