Randa na Kalamu: Miaka Yangu ya Ukarani wa Kanisa Upande wa Mashamba

Nilizaliwa katika nchi ya Bunkeya, palipokuwa makao ya Mwami Msiri, ambako Frederick Stanley Arnot, mmisionari Mskoti aliyeshika njia ya misafara kutoka Benguela, aliwasili mwaka 1886 akaanza kazi ya Injili iliyoenea baadaye kwa jina la Garenganze. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa makusanyiko hayo, na kwa kuwa aliamini kwamba kijana asiye na ufundi mkononi huwa mzigo juu ya shingo za jamaa zake, aliniandama hata nikakubali kwenda Kolwezi kujifunza useremala kwa fundi mmoja wa Kongo ya Chini, mtu mpole, mchache wa maneno, aliyebatizwa na Wabatisti wa kwao tangu ujana. Kwa fundi huyo nilipata vitu viwili ambavyo Mwenyezi Mungu alijaalia viwe riziki yangu na ibada yangu: karakana yake ilinipa randa, na kanisa alilonipeleka likanipa kalamu.

Asiyeishi Kolwezi ya siku zile atapata taabu kuelewa jinsi mwezi ulivyotawala maisha ya watu. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoasisiwa mwaka 1906, ilikuwa imekwisha kutaifishwa mwaka 1967, na mrithi wake, ambaye sote tulimjua baadaye kwa jina la Gécamines, aliendelea na desturi ya kuwalea wafanyakazi kwa mshahara na posho, hata watu wakawa wakisema kwamba kazi ndiyo baba na kazi ndiyo mama. Mwisho wa mwezi gunia la unga wa mahindi liliingia nyumbani, bukari ikapikwa kwa wasaa, madeni yakalipwa, nguo zikanunuliwa; na sisi mafundi tusiokuwa na namba ya kazi kampunini tuliishi kwa hesabu hiyo hiyo, maana aliyeagiza kitanda au mlango alilipa siku ya mshahara na si siku nyingine. Mashimo ya Dikuluwe na Mashamba yalipofunguliwa katika miaka ya 1970, kitongoji chetu kilizidi kujaa watu wa kila kabila na kila lugha, Waluba, Walunda, Wasanga, Wachokwe, Wabemba, na ndugu wengine waliolelewa katika misheni ya Katwa, karibu na Butembo, huko Kivu ya mbali.

Kanisa letu la Kibatisti lilikuwa la matofali ya kuchoma na paa la bati, na washiriki wake walikuwa watu wa zamu: dereva aliyetoka shimoni alfajiri aliketi karibu na mlinzi aliyekuwa akienda lindoni, na wote wawili walipigana na usingizi kwa nyimbo. Kwa imani yetu, mtoto mchanga huombewa wala habatizwi, bali hungojwa mpaka akiri mwenyewe kwa kinywa chake. Na kanisa haliamuliwi na mtu mmoja, awe mchungaji au mzee, bali washiriki wote hukutana, husikiliza, hushauriana, kisha huinua mikono. Kwa ajili ya shauri hilo palikuwa na kikao cha kila mwezi, Jumamosi alasiri, na kesho yake Meza ya Bwana. Fundi wangu alikuwa karani wa kikao hicho. Macho yake yalipoanza kufifia alinikalisha kando yake nimwandikie, na alipofariki dunia, washiriki waliinua mikono kwa jina langu.

Nataka kueleza kikao hicho kwa utaratibu, kwa sababu ndicho kilichonilea kuliko darasa lolote. Mchungaji alipokwisha kuomba, mimi nilisoma muhtasari wa mwezi uliopita kwa sauti, neno kwa neno, na yeyote aliyeona jambo lake limeandikwa kwa upotofu alikuwa na haki ya kusimama na kusahihisha, hata akiwa mjane asiyejua kusoma. Baadaye niliita majina ya washiriki, aila kwa aila. Aliyekuwapo aliitika, na asiyekuwapo aliulizwa habari zake: je, ni mgonjwa, yuko zamu, amesafiri, au ana kinyongo? Kisha mweka hazina alihesabu fedha mbele ya watu wote, senti kwa senti, akataja nani aliyezikwa kwa msaada wa kanisa na mbao za jeneza ziligharimu kiasi gani. Baada ya hapo walisimamishwa wanaotaka ubatizo, wakaulizwa maswali na wakubwa kwa wadogo. Na zikasomwa barua za wageni waliohamia kwetu kutoka makanisa mengine, ambazo kwetu huitwa barua za ushirika.

Jambo la mwisho, nalo aghalabu ndilo lililotuchukua mpaka jua kuchwa, lilikuwa sulhu. Kanuni ilikuwa kwamba wenye ugomvi hawakaribii Meza pamoja kabla hawajapatana, na kwamba kanisa lote lina dhamana ya kupatana kwao. Nakumbuka wanaume wawili, mmoja dereva wa lori kubwa la shimoni na mwingine mlinzi wa ghala, waliogombana kwa sababu ya baiskeli iliyouzwa kwa mkopo, ikavunjika fremu kabla deni halijaisha. Mzee aliyesimamia shauri hakumruhusu yeyote kati yao kujitetea. Alimwambia dereva asimulie madai ya mlinzi, na mlinzi asimulie madai ya dereva, na kila mmoja alitakiwa kuyarudia mpaka mwenye madai akiri: "Ndivyo, amenisema sawasawa." Dereva alirudia mara kadhaa huku jasho likimtoka, maana si kazi nyepesi kunena kwa insafu maneno ya mtu uliyemkasirikia; lakini alipoyapata sawasawa, tayari alikuwa ameiona haki ya mwenzake, na deni likagawanywa nusu kwa nusu bila amri ya mtu. Mimi niliandika maneno machache tu: wamepatana, watakula pamoja. Tangu siku ile nimeshuhudia mashauri mengi, katika mabaraza ya watu wenye elimu kubwa, wala sijaona njia iliyoishinda ile.

Meza yenyewe niliichonga mimi kwa mti wa mninga, bila msumari hata mmoja, viungo vyote vikiwa vya ulimi na tundu, kwa kuwa fundi wangu alinifunza kwamba msumari hushika kutu, hata hula mbao. Asubuhi ya Jumapili wamama waliitandika kitambaa cheupe kilichopigwa pasi ya makaa, wakaweka mkate na vikombe vidogo vyenye maji ya zabibu, na zabibu zilipoadimika madukani walichemsha choya, ambayo kwetu wengi huita ngaingai, wakaichuja hata ikawa nyekundu na safi. Ubatizo hapo kwanza ulifanyika mtoni, kwaya ikiimba ukingoni. Mto ulipokuwa haufai tena kwa kazi hiyo, tulijenga birika ndani ya kanisa, nami nikatengeneza mbao za kuzuilia zege, kisha nikalifunika kwa sakafu ya mbao inayofunuliwa kila unapofika wakati wake. Waliobatizwa Jumapili asubuhi waliketi Mezani siku hiyo hiyo, nywele zao zingali na maji.

Mchungaji mmoja aliyetutembelea kutoka Kinshasa alitufundisha asili ya kikao chetu cha mwezi, na maelezo yake yalinipa nguvu mpya ya kushika kalamu. Alisema kwamba mwaka 1784 Wabatisti wa Northamptonshire, Uingereza, makanisa madogo ya watu wa kawaida, waliafikiana kuomba pamoja Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, wasiombee nafsi zao peke yake bali dunia nzima. Waliendelea hivyo miaka minane, mwezi baada ya mwezi, na mwaka 1792, katika mji wa Kettering, ikazaliwa jamii yao ya kupeleka Injili, ambayo mtumishi wake mashuhuri, William Carey, alikuwa mshona viatu kabla ya kwenda Bara Hindi mwaka 1793. Ni jamii hiyo iliyowaleta Thomas Comber na George Grenfell katika mto wa Kongo mwaka 1878. Mimi seremala nilifurahi mno kusikia habari za mshona viatu. Na nilifurahi zaidi kutambua kwamba mambo makuu hayo yalitanguliwa na kikao cha mwezi, kilichohudhuriwa na watu wachache ambao pengine walikuwa wamechoka kama sisi.

Dola na vita navyo vilipita katika daftari langu. Mwaka 1970 makanisa yote ya Kiprotestanti yaliunganishwa chini ya Kanisa la Kristo, sisi na Wamethodisti na Garenganze na wengineo, kila jumuiya na namba yake. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, ikanilazimu kuandika watu kwa majina ya mababu katika orodha ambayo kurasa zake za nyuma zilijaa akina Yohana na Marta. Jumamosi tarehe 13 Mei mwaka 1978, wapiganaji waliotoka Angola waliingia Kolwezi, na kabla askari wa Ufaransa hawajashuka kwa miavuli siku ya 19, mji ulikuwa umekwisha kuona mauaji ambayo kalamu yangu haina hamu ya kuyarudia. Tulikutana tena mwezi wa Juni, wachache, wengine wangali mwituni na vijijini. Kuita majina siku ile kulichukua muda mrefu, maana kila jina lisiloitikiwa lilitaka maelezo, na hapakuwa na aliyekubali kulipita upesi.

Lakini jaribu kubwa kuliko yote lilikuwa la mwaka 1992 na 1993, chuki dhidi ya watu wenye asili ya Kasai ilipowaka katika jimbo letu, wakatolewa majumbani na makazini mamia ya maelfu, watu waliozaliwa hapa na kuzika wazazi wao hapa, wakasongamana katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja gari la moshi kwa majuma mengi, katika mvua na maradhi. Miongoni mwao walikuwapo mashemasi wetu, waimbaji wetu, na walimu wa watoto. Kikao kiliamua kwamba kila mmoja aondoke na barua ya ushirika, nami nilikwenda stesheni na mchungaji, nimechukua karatasi, wino na muhuri, nikaketi juu ya gogo, sanduku la bati la aila moja likiwa meza yangu. Kwa kila mtu niliandika jina, mwaka wa ubatizo, na utumishi aliotumika, nikaeleza kwamba anaondoka kwetu akiwa mshiriki mwenye muruwa na amani na kanisa lote. Mama mmoja mzee, aliyekuwa akitandika Meza tangu kabla sijawa karani, aliniinamia akasema: "Karani, andika jina yangu muzuri, kwenye tunaenda habatujue." Niliandika kwa herufi kubwa, nikamsomea, akaikunja barua ndani ya kitambaa cha kichwani. Palikuwa na washiriki wetu ambao ndugu zao wa damu walikuwa katika kundi la waliowafukuza. Nao walikuja stesheni na sufuria za bukari na mboga ya sombe, wakala pamoja na waliofukuzwa, mbele ya macho ya watu. Kikao kilichofuata kiliagiza jina lolote lisifutwe, bali liandikwe kando yake: amesafiri na barua. Baada ya muda, majibu ya makanisa yaliyowapokea yalianza kutufikia kwa mikono ya wasafiri, nami niliyasoma Jumamosi kwa sauti, na watu walilia bila haya.

Hapo ndipo mwezi wa kampuni ulipokatika. Shaba iliyokuwa ikikaribia tani 470,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 haikufika tani 50,000 mwaka 1994. Mishahara ilichelewa mjini kote, pampu zikanyamaza, maji yakapanda katika mashimo ya Mashamba. Meza yetu, tangu zamani, iliandaliwa Jumapili iliyofuata mshahara, ili matoleo yapatikane. Basi mshahara usipokuja, Meza nayo iliahirishwa, mara ya kwanza, mara ya pili, hata ikazuka ikhtilafu kikaoni. Mweka hazina alitoa hoja ya haki kwamba hakuna fedha ya mkate. Mjane mmoja akasimama, akauliza kama usiku ule Bwana alipoumega mkate palikuwa na mshahara, au kama ulikuwa usiku wa kusalitiwa na kukamatwa. Na kama Yeye hakuahirisha, sisi tumepata wapi ruhusa ya kuahirisha? Hapakuwa na jibu. Mikono iliinuliwa, ikaandikwa kwamba tangu siku hiyo Meza ya Bwana itaandaliwa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, fedha iwepo isiwepo. Watu wakaanza kutoa unga, mihogo, makaa, mboga za shambani kando ya reli. Na mimi nilijifunza kuandika katika daftari la hazina vibaba na mafungu badala ya noti. Naamini kwa moyo wote kwamba siku ile kanisa letu lilizaliwa mara ya pili, kwa sababu lilikoma kuwa kivuli cha kampuni.

Mengi yamegeuka baadaye. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliagwa mwaka 2003 na 2004. Makampuni ya kigeni yamekuja, maji ya Mashamba yamevutwa tena, kobalti imeleta vijana wa kuchimba kwa mikono kutoka pande zote, na tangu mwaka 2015 Kolwezi ni makao makuu ya jimbo la Lualaba. Vijana hao huja kanisani leo na kutoweka kesho, wala hakuna ofisi inayojua majina yao. Hao ndio wanaohitaji kikao cha mwezi kuliko sisi tuliokuwa na namba ya kazi au karakana.

Ukarani nimemkabidhi binti mmoja mwenye elimu kunishinda, na wasia wangu kwake ulikuwa mfupi: asome muhtasari kwa sauti, asiache kuita majina hata watu wakilalamika kwamba muda unapita, asiruhusu ugomvi kufunikwa kwa sababu wenye ugomvi ni watu wakubwa, na mchimbaji aliyefika jana aandikwe kwa herufi zile zile anazoandikiwa mzee wa kanisa. Mwezi uliopita kijana mmoja kati ya wachimbaji hao hakuitika. Binti aliuliza habari zake mbele ya kikao, hakuridhika na kimya, akatuma watu wawili wamtafute; wakamkuta ana homa kali katika chumba cha kupanga, peke yake, wakampeleka hospitalini. Amepona, naye atabatizwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, na sakafu ya birika nimeahidi kuifunua mwenyewe.