Mgongo wa Mpagazi

Mgongo ni mtumishi asiyekumbukwa ila siku anapogoma. Huko Cheyo, katika mji wa Tabora, mwalimu mmoja mstaafu aliacha kuokota maembe yaliyoanguka uani kwake. Kiuno kilimwuma miezi minane, akawa akiona haya kuwaita wajukuu wainame badala yake. Wahenga wake walikuwa wapagazi, Wanyamwezi waliochukua pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe hata Bagamoyo, mwendo wa miezi mitatu hivi, na mzigo wa mtu mmoja uliweza kufika frasila mbili, yaani ratili 70. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Mwalimu alijilaumu kwamba wale walikuwa chuma, naye amekuwa mafuta na viungo vikavu. Lakini msafara ulihesabu pembe. Nani alihesabu viuno vilivyokesha kwa maumivu kambini?

Hospitalini alitiwa alama mbili mgongoni, chini, zilizoachana sentimita 10, akaambiwa ainame. Kipimo hicho, kilichoelezwa na Schober wa Ujerumani mwaka 1937, hutarajia umbali huo ufike 15 hivi kwa mtu mwenye afya. Wake ulifika 13. Kisha akapimwa uzito na urefu. Na hesabu ya viwili hivyo, kwa bahati mbaya, haitengi mafuta na misuli: mpagazi na karani huweza kupata jibu moja.

Ni kweli kwamba wanene huumwa viuno zaidi kidogo kuliko wembamba. Lakini wako wanene wengi wasioumwa, na wakavu wa mgongo wanaolala usingizi mtamu. Tena maumivu yenyewe hukaza misuli, na hofu ya kuinama huikaza zaidi. Ukavu huweza kuwa mtoto wa maumivu kama uwezavyo kuwa mzazi wake. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani waliumwa kiuno, na walio wengi hawakuonekana na sababu moja dhahiri.

Mwalimu alikuwa amenunua mkanda wa kufunga kiuno. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 hauupendekezi mkanda kwa maumivu ya muda mrefu. Unapendekeza mazoezi na elimu. Akauvua. Kila asubuhi aliinama, kwanza mpaka kwenye kigoda, kisha chini ya hapo, huku akiogopa. Baada ya wiki kumi utepe ulisoma 13 na nusu tu. Maembe alikuwa akiyaokota mwenyewe.