Akili Mnemba na Uandishi wa Mahitaji: Funzo Kutoka Pwani ya Kilwa

Utangulizi

Ndugu mkufunzi, mwenye kuandaa somo hujiuliza kwanza mambo matatu: anamfundisha nani, anataka mwanafunzi aweze kutenda nini, na atajuaje kuwa ameweza. Maswali haya ndiyo uti wa mgongo wa andalio la somo. Hatukutazamia kwamba siku moja tungeyasahau sisi wenyewe, ambao tumeyafundisha tangu tupate stashahada ya elimu. Tuliyasahau mwaka 2024, tulipotakiwa kuandika mahitaji ya programu ya kompyuta. Makala haya yanaeleza jinsi tulivyokosea na njia tuliyoifuata baadaye, ili msomaji aitumie bila kupitia hasara ile ile.

Kazi tuliyopewa

Chuo chetu hupeleka wanachuo katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule za msingi za mwambao, kuanzia Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hadi Mchinga na Lindi mjini. Mkufunzi huketi nyuma ya darasa, hujaza fomu ya alama, kisha fomu husafirishwa hadi chuoni. Safari hiyo huchukua siku nyingi, na baadhi ya fomu hulowa maji ya bahari kabla hazijafika. Kijana mmoja, fundi wa programu, alikuwa amekwisha kututengenezea programu ya kutunza orodha ya wanachuo. Ikaamuliwa kwamba aongeze kipengele kipya, mkufunzi apate kujaza alama kwa simu. Fundi alitaka kutoka kwetu kitu kimoja tu: maandishi ya kueleza kipengele hicho kifanye nini, kwa ajili ya nani, na katika hali gani. Maandishi hayo ndiyo yaitwayo mahitaji.

Kazi hiyo ingetuchukua jioni nyingi, na madaftari ya kusahihisha yalikuwa yamejaa mezani. Tukakimbilia akili mnemba, yaani ile ChatGPT iliyofunguliwa kwa watu wote Novemba 2022. Tukaiandikia sentensi mbili. Kabla maji ya chai hayajachemka ikatupatia kurasa kumi na nne, zenye vichwa, namba na majedwali. Lugha yake ilikuwa safi. Tukaona fahari, tukatia sahihi, tukampelekea fundi. Hatukusoma kila mstari.

Yaliyotupata

Kipengele kilijaribiwa Mei 2024, na mwezi huo haukuwa mwema kwa mwambao wetu. Mwanzoni mwake kilikuja kimbunga Hidaya, na mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi. Tarehe 12 nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zikapata hitilafu, mtandao ukadorora nchini. Wiki hiyo hiyo tulivuka kwa mashua hadi shule moja ya kisiwani, tukatazama somo la hisabati la mwanachuo mmoja, tukajaza alama zake katika simu. Simu ikaandika, "Imepokelewa." Tukashukuru, tukawahi mashua kabla maji hayajapwa.

Alama zile hazikufika. Maandishi yetu yalisema mkufunzi aarifiwe "mara moja" kwamba alama zimehifadhiwa, naye fundi akatii: neno lile lilitokea mara tu kitufe kilipobonyezwa, mtandao uwepo usiwepo. Baya zaidi lilikuwa katika ukurasa wa tisa. Hapo iliandikwa kwamba mwanachuo asiye na alama hadi siku ya kufunga ahesabiwe kuwa hakufanya zoezi, apewe sifuri. Kanuni hiyo haikupata kujadiliwa na mkufunzi yeyote. Akili mnemba iliitunga, pengine kwa kuwa maandishi mengi ya namna hiyo huwa na kanuni kama hiyo, nasi tukaitia sahihi.

Wanachuo saba walitokea katika orodha ya watakaorudia mazoezi. Yule wa kisiwani alikuja ofisini, akatuamkia kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, uliketi nyuma ya darasa langu mpaka kengele ikalia. Je, hukuniona?" Hatukuwa na jibu. Alama za wale sita ziliokolewa na mkufunzi mwenzetu mkongwe, ambaye aliendelea kujaza fomu za karatasi huku vijana wakimcheka. Ya saba haikuwa na karatasi, kwa sababu mkaguzi wake tulikuwa sisi. Ilibidi tuvuke tena, naye afundishe tena, ilhali wenzake wamekwisha rudi makwao.

Njia tuliyoifuata baadaye

Wazee wa mkoa huu hawahitaji kuelezwa hatari ya mpango mzuri wa karatasini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake. Ulitokana na taarifa ya wataalamu waliozunguka nchi kwa majuma machache mwaka 1946. Udongo na mvua havikufuata taarifa hiyo, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Waandishi wake hawakuwa wajinga. Waliandika kabla ya kuwauliza vya kutosha waliolima ardhi ile. Nasi tulifanya vivyo hivyo kwa udogo wetu. Tulipoanza upya tukafuata hatua hizi:

(a) Kutazama kwanza. Tulichukua daftari, tukafuatana na wakufunzi shuleni, tukaandika kila tendo kama lilivyotendeka. Tuliona simu zinazoishiwa chaji saa nane, mkufunzi anayesubiri maji yajae ndipo avuke, na mwalimu mlezi ambaye maoni yake hayakuwa na nafasi katika simu ingawa yalikuwamo katika fomu ya karatasi.

(b) Kuifanya akili mnemba iulize, isijibu. Tuliipa yaliyomo katika daftari, tukiwa tumeondoa majina ya watu na shule, maana alama za mwanachuo ni taarifa zake binafsi, na nchi yetu inayo sheria ya mwaka 2022 ya kuzilinda. Kisha tukaiambia isiandike hitaji lolote mpaka ituulize kila isilolijua. Hapo ndipo tulipouona uzuri wake. Iliuliza: wakufunzi wawili wakitofautiana juu ya somo moja, alama ya nani ishike? Nani anaruhusiwa kusahihisha alama iliyokwisha pelekwa? Simu ikipotea itakuwaje? Maswali haya hatukuwa tumeyafikiri, na mengine ilibidi yaamuliwe na kikao cha wakufunzi.

(c) Kuandika hitaji linalopimika. Kanuni za kimataifa za kazi hii, ISO/IEC/IEEE 29148 ya mwaka 2018, hudai kwamba hitaji liweze kuthibitishwa. Mwanzo tuliandika, "Mfumo uwe wa haraka na rahisi." Sasa tuliandika, "Mkufunzi aliye mahali pasipo mtandao aweze kujaza fomu nzima na kuihifadhi katika simu. Asione neno 'imepokelewa' mpaka chuo kiwe kimeipata." Kipimo chake: zima mtandao, jaza fomu tatu, zima simu, iwashe, fomu zote tatu ziwepo.

(d) Kila hitaji liwe na mwenyewe. Kando ya kila mstari tuliandika aliyelisema: mkufunzi, mwalimu mlezi, mwanachuo au kikao. Mstari uliokosa mwenyewe tuliufuta, hata kama ulipendeza. Kwa njia hii kurasa kumi na nne zikawa tano, na ile kanuni ya sifuri ikatoweka. Mahali pake kikao kiliweka hii: mwanachuo asiye na alama jina lake lipelekwe kwa mkufunzi wake, naye aeleze sababu.

Faida darasani

Hatua hizi tumezipeleka pia katika vipindi vya mbinu za kufundishia. Wanachuo huleta andalio la somo lililoandikwa na akili mnemba, nasi huwataka waandike kando ya kila mstari, "Nani amesema?" Zana ya kufundishia ambayo shule haina, au mfano ambao mtoto wa Kivinje hajapata kuuona, huonekana upesi. Hatuwakatazi chombo hiki. Tunachowakataza ni kutia sahihi wasichokisoma.

Mwisho

Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akili mnemba hupunguza kazi ya kuandika. Kuinama kutazama kunabaki kwetu. Mwanachuo yule alifaulu mazoezi yake. Tulipomtazama mara ya pili tulijaza simu kama tulivyotakiwa, kisha tukatoa karatasi, tukaandika alama zake kwa kalamu, tukampa nakala mkononi.