Gome la Mkuyuni

Kwa miaka miwili niliujua mdalasini kwenye kompyuta tu: pete ya kaboni sita na kimkia chake. Mti wenyewe sikuwahi kuuona. Masika iliyopita nikapanda gari Bigwa, ukingoni mwa mji wa Morogoro, tukashika barabara ya Kisaki inayopita mashariki ya Milima ya Uluguru. Baada ya Kiroka mvua ilitukuta, na vijito vikawa vinateremka kwa kasi kuufuata Ruvu, mto unaowanywesha watu wa Dar es Salaam.

Mkuyuni nilipokewa na bibi mwenye shamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na kisu?"

Sikuwa nacho. Akanipa chake.

Alikwangua ngozi ya juu ya shina alilolikata asubuhi, akachanja mstari mmoja, gome la ndani likabanduka zima. Wakati wa mvua, alisema, gome halisumbui. Kiangazi linatoka vipandevipande. Kisiki hakifi, huchipua tena. Harufu ilinijaa puani hata nikanyamaza.

"Nani anaitia humo?" akauliza.

Nikamweleza. Ndani ya mmea mna kimeng'enya kinachoichukua fenilalanini, asidi ya amino iliyomo hata katika maharage na nyama, kikaing'oa amonia. Kinachobaki ni asidi sinamiki, iliyopewa jina kutokana na mdalasini. Vimeng'enya vingine huigeuza kuwa sinamaldehaidi, na hiyo ndiyo harufu. Hakuna moto wala tanuri.

Kinachonivutia mimi ni njia ya kurudi. Kimeng'enya hicho kikizamishwa katika amonia nyingi, hufanya kazi kinyumenyume. Ukikipa asidi sinamiki yenye klorini au florini kwenye pete, kinakutolea fenilalanini za namna mpya, zinazotafutwa na watengenezaji wa dawa. Ndugu yake mmoja, kutoka kwa bakteria, tangu 2018 ameruhusiwa Marekani kama sindano, pegvaliase, kwa watu wazima ambao miili yao haiwezi kuivunja fenilalanini.

Shida ni kwamba kimeng'enya kina kishimo, na pete yenye tawi kubwa haiingii.

"Mchi mnene, kinu chembamba," bibi akasema.

Ndivyo hasa. Kompyuta hunionyesha umbo la kinu hicho. Naitia pete, natazama ni asidi ya amino ipi ya kimeng'enya inayoziba, nakisia badala yake iwekwe ndogo zaidi. Kisha kisio linapelekwa maabara, na mara nyingi maabara hulikataa. Hata hivyo yanabaki machache ya kujaribiwa, badala ya maelfu, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Bibi alikuwa ameshalifikia shina la pili. Akaniambia niweke kisu chini, nishike ncha ya gome, nivute polepole. Lilitoka refu kuliko mkono wangu, upande wa ndani bado umelowa, likaanza kujikunja.