Rithim Isiyosubiri

Tangu rafiki yangu mpiga rithim apande treni ya Mpanda kwenda Tabora kutafuta maisha, gitaa langu la solo linalia peke yake. Basi natafuta lupa: pedali inayonasa kipande ulichopiga na kukirudia mpaka uikanyage isimame. Ditto ya TC Electronic ni ndogo, inarekodi dakika 5, ila haitumii betri. Boss RC-1 inafika dakika 12 na inakubali betri ya volti 9. Kwangu, kwa kuwa umeme hukatika na spika yangu ni ya kuchaji, nachukua RC-1.

Itashika mapigo kuliko sisi sote. Lakini yeye alikuwa akiniona navuta pumzi, ananisubiri. Pedali haisubiri mtu.