Mji wa Kupelekwa, Mji wa Kwenda

Mwaka 1998 mvulana mmoja alishuka Lodwar, mji wa Turkana, kutoka juu ya lori la mahindi, vumbi limemshika hadi kwenye kope. Mvua za El Niño zilikuwa zimekatakata barabara ya kutoka Kitale. Ile lami iliyowekwa kwa msaada wa Norway miaka ya 1980 ilikuwa imeliwa mashimo kiasi kwamba kila palipowezekana madereva waliiacha, wakapita mchangani kando yake. Mvulana huyo ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi, na alichokiona siku ile kilimalizika kuonwa kwa dakika kumi: ofisi za wilaya, misheni ya Wakatoliki, kituo cha mafuta, safu ya maduka yenye baraza fupi, na mbuzi waliolala katikati ya barabara bila wa kuwaamsha. Malori yalisimama hapo kwa chai na maji, kisha yakaendelea na chakula cha msaada kwenda Kakuma na Lokichoggio. Hakuna aliyesema anakwenda kutembea Lodwar. Na aliyepanda gari kurudi Kitale alisema anakwenda "Kenya".

Neno hilo halikuwa mzaha. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeifanya Turkana wilaya iliyofungwa, haiingiliki bila kibali, na hali hiyo iliendelea miaka kadhaa baada ya Uhuru. Mtu alikuja huku kwa kupelekwa. Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung mwaka 1959, aliletwa Lodwar akawekwa kizuizini hadi 1961, ndipo akahamishiwa Maralal. Hata vizazi vya baadaye vya watumishi wa umma viliipokea barua ya uhamisho wa Lodwar kama adhabu.

Leo mgeni anayeshuka mjini anashauriwa apande kilima kwanza, kabla jua halijakaza.

Juu yake imesimama sanamu ya Yesu aliyenyoosha mikono, mfano wa ile ya Rio de Janeiro, na ngazi zake zinawatoa watu jasho mapema asubuhi. Kutoka huko mji unasomeka wote. Mto Turkwel umepita kama mshipi wa kijani wa migunga na mikoma, na pande zake mabati yameenea kuelekea Napetet, Nakwamekwi na Kanamkemer. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 80,000 katika mji huu. Mwandishi alipokaa kwenye ngazi ya juu alijaribu kuitafuta ile safu ya maduka ya 1998. Ilikuwa imemezwa.

Wengi husema ni mafuta yaliyouamsha mji. Machi 2012 kampuni ya Tullow iligundua mafuta katika kisima cha Ngamia 1, kusini mwa kaunti, na ni kweli kwamba hoteli ziliota haraka baada ya hapo. Lakini wafanyakazi wa mafuta walipopungua, mji haukusinyaa. Kilichoushika ni ugatuzi wa 2013. Serikali ya kaunti ilipoanza kazi, mishahara ikaanza kulipwa Lodwar na kutumika Lodwar: kodi za nyumba, chakula cha mchana, nauli za bodaboda, nguo za shule. Vijana wa hapa sasa wanasoma Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana bila kupanda gari la "Kenya". Barabara nayo imewekwa lami upya kutoka Lokichar kuelekea mpakani mwa Sudan Kusini, na samaki wa Kalokol anafika sokoni kabla hajaharibika.

Kivutio bora cha katikati ya mji, kwa jicho la mwandishi, hakina kiingilio. Ni akina mama wanaokaa kivulini kando ya barabara wakisuka vikapu na mikeka kwa makuti ya mkoma. Mtu husalimia "Ejok", hujibiwa "Ejok noi", kisha bei inazungumzwa polepole bila mkono kuacha kusuka. Walikuwapo hata 1998. Siku hizo wateja wao walikuwa wapita njia. Sasa wananunua wenyeji, wafanyakazi wa ofisi, na wageni wa tamasha la Tobong'u Lore linalofanyika katika kituo cha Ekalees. Jina lake ni la kumkaribisha mtu nyumbani, na wanaokaribishwa ni pamoja na ndugu wa Waturkana wa jamii ya Ateker kutoka Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, watu ambao mipaka iliwagawa bila kuwauliza.

Kakuma ni kisa kingine. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na mwandishi aliikumbuka kama mahema, foleni na vumbi. Aliporudi alipotea sokoni. Katika sehemu ya Kakuma Moja, Waethiopia wamefungua migahawa ya injera na kahawa, Wasomali wana maduka ya jumla, na mafundi cherehani wa Kongo wanasema "aksanti" kwa wateja wanaowajibu kwa Kiswahili cha Nairobi. Mwaka 2018 shirika la IFC lilikadiria kwamba kambi na mji wake vina maduka zaidi ya 2,000 na matumizi ya dola milioni 56 kwa mwaka. Fedha za msaada wa chakula ziitwazo Bamba Chakula, zilizoanza kutumwa kwa simu mwaka 2015, zilimpa mkimbizi uwezo wa kuchagua duka lake. Wanawake wa Kiturkana nao huingia na kuni na makaa, wakatoka na unga.

Soko hilo si imara kama linavyoonekana. Mwaka 2025, ufadhili ulipopungua na mgao wa chakula ukakatwa, duka la mtaani lilikuwa la kwanza kuumia, kwa sababu ndilo lililobeba daftari la madeni ya majirani.

Hata hivyo Kakuma sasa ni manispaa, Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imetambua haki ya mkimbizi kufanya kazi, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unakusudia kambi na wenyeji wahudumiwe pamoja. Makusudio hayo ni mema na yanastahili kuharakishwa. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kilomita kama 120 za lami. Sukari na mchele wa duka la Kakuma hupita Lodwar kila wiki. Lakini mwenye duka, kama ni mkimbizi, hata awe ameishi hapo tangu 1992, akitaka kwenda kupanda kile kilima bado lazima aombe kibali.