Sisi wa Mpakani Hatuulizwi

Sisi wazee wa Lamu tulizaliwa chini ya bendera mbili, ya Mwingereza na ile nyekundu ya Sultani, na utotoni tuliwaona wakubwa wetu wakiulizwa wanaitaka dola gani. Mwaka 1961 Sir James Robertson aliletwa Mwambao kusikiliza wenyeji: ukanda wa maili kumi uwe wa nani? Mwaka uliofuata tume nyingine ikaenda kaskazini, kwa Wasomali na majirani zao. Nilikuwa mtoto wa chuo, na wazee walibishana barazani hadi kahawa ikapoa. Robertson alipendekeza tuungane na Kenya, na Oktoba 1963 sahihi zikatiwa London. Kule kaskazini wengi walisema wazi wanaitaka Somalia. Uingereza ikasikiliza, ikaandika, ikaendelea na lake. Vita vya Shifta vikafuata hadi 1967.

Wazee wetu walitoka hapo na funzo moja, nasi tukalirithi: kuulizwa ni hila, heri kunyamaza. Wakati wa vita hivyo Wabajuni wa bara walihama vijiji vyao wakavuka kuja visiwani na mikeka yao, wengine wasirudi tena, na hatukudai kuelezwa chochote. Mambo ya nje tuliyaona ni ya Nairobi, kama mvua ilivyo ya Mungu.

Kumbe yalikuwa yakipita mlangoni mwetu. Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda. Oktoba hiyohiyo jeshi letu likaingia Somalia. Katiba mpya ilikuwa na mwaka mmoja tu, na Ibara ya 240 inataka idhini ya Bunge kabla ya kupeleka majeshi nje. Sisi tulisikia redioni. Likaja shambulio la Mpeketoni, Juni 2014, ikaja kafyu, na likaja katazo la kuvua usiku.

Asiyeijua bahari ataliona hilo dogo. Wavu wa jarife hutegwa jua likizama na kuinuliwa alfajiri, kwa sababu mchana samaki anauona uzi na kuukwepa. Mvuvi wa jarife akiambiwa avue mchana tu, ameambiwa asivue, ila kwa adabu. Jirani yangu aliuza mashine ya boti apate karo ya watoto. Boti ikabaki mchangani ikipasuka mbao kwa jua.

Sisemi kwamba tungeulizwa tungekataa vita. Kwa hofu tuliyokuwa nayo, nadhani wengi tungesema jeshi liende. Lakini tungeuliza pia litarudi lini, na mvuvi atakula nini likiwa huko. Maswali hayo hayamjii mtu anayekaa mbali na mpaka, hata awe msomi namna gani.

Tena kuna habari ya bahari yenyewe. Somalia ilitushtaki The Hague mwaka 2014, na tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama ikachora mpaka ambao Kenya iliukataa. Miaka saba ya mawakili na ramani, nami sikusikia nahodha hata mmoja wa Kizingitini au Kiunga aliyeulizwa anavua wapi. Sheria nayo haitusaidii. Jedwali la Nne la Katiba linaikabidhi serikali kuu mambo ya nje, na kaunti haina neno.

Vijana wa leo hawana woga wetu. Mpango wa kupeleka polisi Haiti ulipofikishwa kortini, Mahakama Kuu ilisema Januari 2024 kwamba haukufuata Katiba. Polisi walikwenda hata hivyo, na kikosi cha kwanza kilitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni, siku ileile vijana walipoingia Bungeni kwa hasira ya kodi. Wenzangu wa barazani wanasema kizazi hiki hakina adabu. Mimi naona adabu yetu sisi ilitugharimu mno. Lawama yangu kwao ni nyingine: hasira yao ni ya mjini na ya simu, na kijana wa Ishakani, kule mpakani, ambaye mtandao humjia kwa bahati, hayumo katika hesabu yao.

Ningekuwa na la kuamua, hakuna jeshi ambalo lingevuka wala mkataba wa mpaka ambao ungetiwa sahihi kabla ya bunge la kaunti inayopakana na nchi inayohusika kulijadili jambo hilo hadharani, na maoni yake kusomwa Bungeni. Nairobi ibaki na uamuzi. Serikali itasema vita havingoji vikao, na ni kweli, adui akishafika. Lakini jeshi likishakaa ugenini miaka kumi na zaidi, haraka iko wapi?

Mei 2023 serikali ilitangaza kwamba mpaka na Somalia utafunguliwa kwa awamu, Julai ikaahirisha. Mjukuu wangu ameandika ombi kwa Bunge, haki anayopewa na Ibara ya 119, kwamba kabla ya kuamua tena juu ya upande wa Kiunga, kikao cha wananchi kifanyike Kiunga kwenyewe, wala si katika hoteli ya Mombasa. Nimemwongezea suala la jarife, nikatia sahihi. Sasa anazunguka na karatasi hiyo Pate na Ndau, na wazee wawili wamemwambia awaache kwanza wafikirie.